Noah Webster na Mahali pa Kistari

Kwetu Masisi na Walikale, mtoto anayeanza kusoma kwa Kiswahili huanza na ba, be, bi, bo, bu, na mambo humnyookea: karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kisha hukutana na Kifaransa, baadaye Kiingereza, na hapo neno likifika ukingoni mwa mstari hajui alikate wapi. Swali hilo lilimhangaisha sana Noah Webster, ndiyo sababu nayasimulia maisha yake.

Alizaliwa Connecticut tarehe 16 Oktoba 1758, mwana wa mkulima. Alimaliza masomo Yale mwaka 1778, vita vya uhuru wa Marekani vikiendelea. Alisomea sheria pia, lakini riziki aliitafuta kwa ualimu. Shule za wakati huo zilitumia kitabu cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichogawa maneno kwa desturi ya Kilatini: konsonanti zilizo kati ya irabu mbili zilivutwa na irabu inayofuata. Hivyo habit ikawa ha-bit, cluster ikawa clu-ster, na nation ikapewa silabi tatu, na-ti-on, ingawa watu walitamka mbili. Mwaka 1783 Webster akatoa kitabu chake cha tahajia: hab-it, clus-ter, na-tion. Hakimu wake alikuwa sikio. Irabu ya kwanza ya habit ni fupi, basi b ibaki nayo, mtoto asije akairefusha. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni.

Baadaye aliendesha gazeti New York, akapigania sheria za hakimiliki, akatoa kamusi ndogo mwaka 1806 na ile kubwa, yenye maneno kama 70,000, mwaka 1828. Hakuwa mnyenyekevu. Tena asili za maneno alizitafuta kwa kubahatisha, wakati Franz Bopp na wenzake Ujerumani walikwisha fungua njia ya kulinganisha lugha. Kwa mwanaisimu hilo linasikitisha. Aliweka nyumba rehani ili achapishe toleo la pili, akafariki New Haven tarehe 28 Mei 1843.

Mgawo wa kusikia ulibaki Marekani. Huko huandikwa knowl-edge. Waingereza wengi, wakitazama muundo wa neno, walishika know-ledge.

Sasa tulete sikio hilo nyumbani. Aliyezoea kanuni za Kifaransa atakata Ki-nyan-ga, Ki-hun-de, na hata shujaa wa utendi wa Wanyanga atamwita Mwin-do. Lakini katika lugha zetu za Kibantu king'ong'o hicho hushikamana na konsonanti inayokifuata: Ki-nya-nga, Ki-hu-nde, Mwi-ndo. Ni kosa la Dilworth lilelile, lugha moja kuvalishwa nguo ya nyingine, na anayelilipia ni mtoto anayejifunza kusoma lugha ya mama yake kana kwamba ni ya mgeni.

Mtihani mgumu zaidi ni neno mtu. Kiswahili sanifu hugawa m-tu, m ikiwa silabi kamili. Sokoni Masisi utasikia mu-tu. Webster, nadhani, angeandika mutu bila kuomba ruhusa. Mimi bado nasita, maana kitabu cha kwetu ningependa kisomwe pia Dar es Salaam, na huko m ya mtu husimama peke yake.