Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Neno kiasi tumelizoea katika habari za pombe, hata wengine hudhani kwamba mtu asiyelewa amekwisha kulitimiza. Walakini kiasi kina kazi pia katika fedha, katika cheo, katika maneno na katika nyumba ya mtu. Sisi wa Makanyagio hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano wake. Tukitoka Mpanda kuelekea magharibi twafika Karema, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko alikozikwa Adrian Atiman. Alikuwa Mkatoliki, wala hakuwa wa kanisa letu. Lakini shamba la jirani likistawi, mwenye akili huenda kulitazama apate kujifunza.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Angali mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Metlili katika Algeria. Huko Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Tulifikiri neno hili: kabla mtoto huyu hajaijua thamani yake mwenyewe, watu wengine walikuwa wamekwisha kuipatana sokoni.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la mapadre hao, alitaka vijana Waafrika wafundishwe utabibu, wapate kuwa waganga wa mwili na walimu wa dini pamoja. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma huko hata mwaka 1888. Mwaka 1889 akafika Karema. Siku zile watu wenye elimu kama yake walikuwa wachache mno katika nchi zote zilizolizunguka ziwa hili.

Hapo ndipo mtu hujaribiwa. Tabibu huogopwa, maana mgonjwa hana nguvu ya kubishana naye, na mama aliyembeba mtoto mwenye homa atatoa chochote atakachoombwa. Mwenye maarifa akikaa peke yake kati ya wasio nayo, ni rahisi ajifanye bwana mkubwa. Atiman alikaa Karema miaka 67, akitibu na kufundisha. Utawala wa Wadachi ukapita, Waingereza wakaja, naye yu palepale katika kazi ileile. Alimwoa Agnes Wansabira, mwanamke wa nchi hii, akawa mwenyeji kati ya watu wasio wa kabila lake. Na mwana wao Joseph akawa padre. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, alipokuwa mzee wa miaka kama 80. Akafariki mwaka 1956.

Twajua kwamba mtu aweza kuisoma habari hii vibaya. Atasema: basi, katekista wetu naye aridhike na posho kidogo, kwa kuwa Atiman aliridhika na kazi ya misioni isiyomtajirisha mtu. Sivyo. Wale wa sokoni walimpimia Atiman kadiri yake bila kumwuliza, na jambo hilo lilikuwa udhalimu. Kiasi ni kipimo ambacho mtu hujipimia mwenyewe, akiwa na nafasi ya kuchukua zaidi. Akijinyima, hicho ni kiasi. Akimnyima mwenzake haki yake, hicho ni choyo, hata kikiitwa kwa jina zuri.

Mji wetu wa Mpanda ulikua kwa madini ya risasi na kwa reli iliyofika mwaka 1950. Watu walikuja kutafuta faida, wala kutafuta faida si dhambi. Lakini kila mmoja wetu ana mahali ambapo yeye ndiye mwenye nguvu: mwenye duka mbele ya mdeni, mzee wa kanisa mbele ya katekista, mume na mke mbele ya watoto wao, mwalimu mbele ya asiyejua kusoma. Mahali hapo ndipo kiasi chetu hupimwa. Basi, ndugu, kabla hatujamhesabia mlevi vikombe vyake, na tutazame kwanza mizani iliyo mikononi mwetu wenyewe.