Mzee Atget na Mzigo Wake

Kila tukutanapo, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, mwenzetu anayetupiga picha ya pamoja huanza kwa kulalamikia mgongo. Mvi zimeingia, na begi la kamera limekuwa zito. Basi si vibaya safari hii tukumbuke maisha ya mzee mmoja wa Ufaransa aliyebeba mzigo mkubwa kuliko huo hadi uzeeni. Jina lake Eugène Atget.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 katika mji wa Libourne, karibu na Bordeaux. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na jamaa zake. Ujanani alikuwa baharia, kisha mwigizaji, lakini jukwaa halikumpa riziki wala sifa. Alikuwa amepita miaka 30 alipoanza kupiga picha za kuwauzia wachoraji waliohitaji mifano ya kuchora. Mwishoni mwa karne ile akaiona kazi ya maisha yake: mitaa ya zamani ya Paris ilikuwa ikibomolewa, naye akaazimia kuipiga picha kabla haijatoweka.

Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto. Haikutumia filamu, bali vioo vya sentimita 18 kwa 24. Ukijumlisha vioo hivyo na miguu mitatu ya mbao ya kuisimamishia, mzigo ulikaribia kilo 20. Aliondoka nao alfajiri, mitaa ingali mitupu.

Kwa nini asitafute kitu chepesi? Atget hakuwa akikuza picha zake. Kioo kiliwekwa juu ya karatasi, vikaanikwa penye mwanga wa jua, na picha ikatoka kwa ukubwa ule ule wa kioo. Kioo kidogo kingetoa picha ndogo. Kile kikubwa kilishika kila jiwe, kila kitasa cha mlango na kila tangazo la ukutani, na hayo ndiyo waliyoyataka wateja wake: wachoraji, maktaba na majumba ya makumbusho. Hivyo uzito ule haukuwa ukaidi mtupu.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 63, aliingiwa na hofu. Hakuwa na mrithi, na vioo vyake vingeweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyejua thamani yake. Akaiandikia serikali, nayo ikanunua vioo 2,621 kwa faranga 10,000. Hapo angeweza kuutua mzigo akapumzika. Hakuutua. Masika ya mwaka 1925, kamera ndogo ya Leica ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig, Mzee Atget, mwenye miaka 68, alikuwa na sanduku lake katika bustani ya Sceaux, nje ya Paris, iliyokuwa imeachwa muda mrefu na kumea magugu. Picha nyingine alizipiga huko saa moja asubuhi. Picha hizo za uzeeni huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa katika kazi yake.

Mwaka 1926 alifariki Valentine, mwenzake wa miaka mingi. Yeye mwenyewe alifuata tarehe 4 Agosti 1927, bila umaarufu. Aliyeiokoa kazi iliyobaki nyumbani kwake ni kijana wa Kimarekani, Berenice Abbott, mpiga picha aliyekuwa amemfahamu kwa muda mfupi tu. Alivinunua vioo na picha zake, akavipeleka Marekani, akavitangaza kwa miaka 40, hata mwaka 1968 vikanunuliwa na jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nanyi vijana mlioko shuleni, ambao kamera zenu zimo ndani ya simu, msiudharau mzigo wa mzee huyu. Mabega yake yalistahimili. Lililomkosesha usingizi ni nani atakayevitunza vioo. Swali hilo ni letu pia. Picha za mabweni ya zamani na za walimu wetu waliotangulia zimo makabatini mwetu, nyingi bila majina nyuma. Mwaka huu tuzilete, tukae na vijana hawa, tuwaambie nani ni nani, wakati bado tunawakumbuka.