Muhumusa, Malkia Aliyeitwa Mchawi

Ipo picha ya kale iliyochapwa kwa bamba la shaba na Castiglione wa Italia karibu na mwaka 1650. Ndani yake ameketi Circe, mwanamke mchawi wa hadithi za Wagiriki, na mbele yake wapo wanyama ambao hapo kwanza walikuwa mabaharia. Mimi kila niitazamapo namkumbuka mwanamke wa huku kwetu, Muhumusa, ambaye naye aliitwa mchawi.

Yasemekana alikuwa mmoja wa wake za Mwami Kigeri Rwabugiri. Mwami huyo alifariki mwaka 1895, akiwa safarini vitani, katika Ziwa Kivu hili hili lipigalo mawimbi hapa Gisenyi. Mwaka uliofuata wakuu walipigana huko Rucunshu, na Musinga akatawazwa. Muhumusa akakimbilia kaskazini, Ndorwa, akitangaza kuwa mrithi wa haki ni mwanawe.

Watu wa huko walimwamini Nyabingi, pepo wa kike aliyesema kwa vinywa vya waganga wake. Muhumusa akawa kinywa cha Nyabingi, na wengi waliochoshwa na kodi na kazi za bure za machifu wakamfuata.

Wadachi walimkamata, wakamweka Bukoba. Alipoachiliwa akarudi milimani, na mwaka 1911 akajitangaza malkia, akiahidi kuwafukuza Wazungu. Mwezi wa Septemba Waingereza wakamshambulia. Watu wake wengi wakauawa, naye akapigwa risasi mguuni, akakamatwa. Mwaka 1912 serikali ya Uganda ikatunga sheria ya kukataza uchawi, ikawashika nayo wafuasi wa Nyabingi. Muhumusa mwenyewe akazuiliwa Kampala mpaka kufa kwake mwaka 1945. Hesabuni: ni miaka 34 mbali na kwao.

Sisemi kwamba alikuwa mtakatifu, waliomkataa hakuwahurumia. Lakini naona jina la mchawi halimweleze. Circe aligeuza watu kuwa wanyama. Muhumusa aliwakuta watu wanaobebeshwa mizigo kama punda, akawaambia kuwa wao ni watu. Hilo ndilo lililowaogofya watawala kuliko hirizi yoyote.

Basi, ndugu wanafunzi, mkikuta kitabuni mtu amepewa jina baya, ulizeni kwanza ni nani aliyempa.