Tom Mboya: Mkaguzi asiyeonekana

Thomas Joseph Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa msimamizi. Alipofuzu ukaguzi wa afya, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mshahara, hata hivyo, ulifuata rangi: mkaguzi Mwafrika alipewa sehemu moja kwa tano ya malipo ya mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile.

Siku moja mwaka wa 1951, alipokuwa peke yake maabarani, mwanamke Mzungu aliingia na maziwa ya kupimwa. Akaangaza huku na huko, kisha akauliza iwapo mlikuwa na mtu. Huenda bibi huyo hakukusudia tusi, na hilo ndilo zito zaidi. Mazoea yalikwisha kumfunza kwamba mtaalamu hawezi kuwa mweusi. Mboya alimuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro.

Mwaka wa 1953 aliunda chama cha wafanyakazi wa mabaraza. Kuanzia 1959 alisaidia kuwasafirisha mamia ya vijana hadi vyuo vya Marekani, ili Uhuru utakapofika pasiwe na kisingizio kwamba Waafrika waliohitimu hawapatikani. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi.