Carl Akeley, mwindaji aliyeitafutia kamera utulivu

MAGARI ya watalii yanayotoka Nairobi kwenda Amboseli kwa njia ya Emali huiacha barabara kuu ya Mombasa katika mji huo wa soko, yakashika lami ya kuelekea Kimana na Loitokitok.

Aghalabu ndani yake huwamo wapigapicha wenye lenzi ndefu za kuvuta mbali, baadhi zikiwa na uzani wa kilo tatu na zaidi. Huwamo pia mifuko ya kitambaa iliyojazwa maharagwe au mchele. Wafikapo mbugani huiweka mifuko hiyo dirishani au juu ya paa, wakailaza lenzi juu yake, na mtetemo wa mikono ukamezwa na nafaka. Mkazi wa Emali, ambaye ameona magunia ya ndengu na kunde yakipakuliwa tangu utotoni, hahitaji kufundishwa kwamba gunia likishatua halitikisiki.

Sababu ya hangaiko hilo ni rahisi. Lenzi inayomleta karibu ndovu aliye mita mia tatu hukuza kila kitu, ukiwemo mtetemo wa mtu aliyeishika. Katika picha ya mnato dosari hiyo huonekana kama ukungu. Katika filamu ni balaa zaidi, kwani mnyama hurukaruka kwenye kioo kana kwamba ardhi yenyewe inatetemeka.

Zaidi ya karne moja iliyopita, tatizo hilo lilimkaa rohoni Mmarekani mmoja aliyepita katika nchi hiyohiyo ya Ukambani kwa garimoshi akitoka Mombasa. Hakuja akiwa mpigapicha. Alikuja kuua wanyama.

Carl Ethan Akeley alizaliwa Mei 19, 1864, huko Clarendon katika jimbo la New York, katika familia ya wakulima. Kazi aliyoichagua ilikuwa ya kukausha ngozi za wanyama na kuzijaza ili zionekane kama viumbe hai. Alijifunza mjini Rochester, na akiwa bado kijana alishiriki kumtengeneza Jumbo, ndovu mashuhuri wa maonyesho aliyegongwa na garimoshi nchini Kanada mwaka 1885.

Baadaye alihamia Milwaukee, kisha katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Mwaka 1896 alitumwa Somalia, ambako chui aliyejeruhiwa alimrukia. Akeley alimuua kwa mikono mitupu, mkono wake mmoja ukiwa kinywani mwa mnyama huyo. Kisa hicho kilimpa umaarufu mkubwa kuliko kazi yake, ingawa kazi hiyo ndiyo iliyostahili sifa.

Alifika Kenya, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Uingereza, mwaka 1905 pamoja na mkewe Delia. Reli ya kutoka pwani ilikuwa imefika Kisumu miaka minne tu kabla ya hapo. Katika safari hiyo ndipo alipomwajiri kijana wa Kikuyu, Wimbia Gikungu, ambaye Wazungu walimwita Bill. Gikungu alikuwa mvulana mdogo alipoanza, akaja kuwa mshika bunduki na mfuatiliaji nyayo ambaye Akeley alimtegemea kuliko wote. Ndovu wawili waliotokana na safari hiyo wangali wamesimama katika ukumbi wa Field, wakipigana.

Mwaka 1909 alirejea, safari hii kwa niaba ya Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani mjini New York. Mwaka uliofuata, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ndovu dume alimvamia na kumkandamiza chini. Pembe zilizama ardhini pande zote mbili za kifua chake. Alivunjika pua na mbavu, na shavu likapasuka. Wabebaji mizigo waliamini amekufa. Delia, aliyekuwa kambi nyingine, alipenya msitu kwenda kumtafuta na kumnusuru. Akiwa amelala majuma mengi akiuguza majeraha, Akeley alibuni wazo la ukumbi mkubwa utakaoonyesha wanyama wa Afrika wakiwa katika mazingira yao.

Hata hivyo, kilichobadili historia ya kamera ni kushindwa kwingine, ambako hakukumwaga damu yake. Mwaka huohuo wa 1910 alikwenda uwanda wa Uasin Gishu na kuwaajiri mashujaa wa Kinandi ili awapige filamu wakiua simba kwa mikuki. Wanandi walitimiza sehemu yao. Waliwazingira simba, wakasimama imara na ngao zao, wakarusha. Kamera ndiyo iliyoshindwa. Kila mara tukio lilikwisha kabla mtambo haujageuzwa na kulengwa.

Ili kuelewa kushindwa huko, yafaa kukumbuka jinsi kamera za filamu za enzi hizo zilivyofanya kazi. Mpigapicha aliuzungusha mpini kwa mkono wa kulia, takriban mizunguko miwili kwa sekunde, bila kubadili mwendo. Kuigeuza kamera kushoto na kulia kulihitaji mpini wa pili, na kuiinua au kuiinamisha kulihitaji wa tatu. Kwa ufupi, mtu alihitaji mikono mitatu, na Mungu alimjalia miwili. Ukiongeza lenzi ndefu, ambayo huona kipande kidogo tu cha dunia, simba anayekimbia hutoweka kabla hujamwona.

Mtu mwingine angerudi kwenye bunduki zake. Akeley, ambaye alikuwa amekwisha kubuni mtambo wa kurusha saruji ukutani kwa nguvu ya hewa, alirejea New York na kuanza kuchonga kamera yake mwenyewe. Hataza ya kamera hiyo ilitolewa mwaka 1915.

Ilikuwa ya mviringo mfano wa ngoma bapa, tofauti na masanduku ya mbao yaliyozoeleka. Ilibeba lenzi mbili zinazolingana, moja ya kupigia picha na nyingine ya kutazamia, hivyo mpigapicha aliweza kulenga hata wakati filamu inapita. Kijicho cha kutazamia kilikuwa na kiungo, kwa namna kwamba kamera ilipoelekezwa juu angani au chini bondeni, jicho la mtu lilibaki palepale.

Lakini uhodari wa kweli ulikuwa katika kichwa cha stendi ya miguu mitatu. Ndani yake Akeley alitia meno ya chuma yaliyozungusha magurudumu mazito kwa kasi kila kamera ilipogeuzwa. Gurudumu zito likishaanza kuzunguka halipendi kuharakishwa wala kusimamishwa ghafla. Kwa hiyo msukumo wa pole ulipita, na mshtuko wa mkono ukakataliwa. Mpini mmoja ulitosha kuielekeza kamera pande zote, na mkono wa pili ukabaki huru kuzungusha filamu. Lenzi ndefu ikaweza kumfuata mnyama aliye mbioni kwa ulaini.

Ndiyo kanuni ileile ya mfuko wa maharagwe, ila mfuko hutuliza kilichosimama ilhali mtambo wa Akeley ulituliza kinachokwenda.

Jeshi la Marekani liliitumia kamera hiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita ikawa chombo cha wapigaji wa sinema za habari, na studio za Hollywood zikaweka mafundi maalumu wa Akeley kwa matukio ya farasi, magari na ndege. Robert Flaherty aliibeba hadi kaskazini mwa Kanada alipotengeneza filamu ya Nanook iliyotoka mwaka 1922. Martin na Osa Johnson, waliopiga kambi kwa miaka kadhaa Marsabit, waliitumia kuwapiga ndovu picha. Ajabu ni kwamba mtambo uliobuniwa kwa ajili ya Wanandi wa Uasin Gishu ulitajirisha zaidi sinema za mapigano ya kuigiza.

Mwenyewe aliipeleka Kongo mwaka 1921, kwenye milima ya volkano karibu na Ziwa Kivu. Huko alipiga filamu zinazohesabiwa kuwa za kwanza za sokwe wakubwa, yaani gorila, wakiwa huru mwituni. Msafara wake uliwaua gorila watano kwa ajili ya makumbusho, na hapana budi kulisema hilo wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Aliandika baadaye kwamba uso wa gorila aliyekufa ulimfanya ajione muuaji. Mtu aliyekuwa ameishi kwa bunduki kwa robo karne aliondoka mlimani akiamini kwamba kamera ni silaha ya haki zaidi, na pia ngumu zaidi kuitumia.

Alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji awatengee gorila hifadhi. Mnamo Aprili 21, 1925 ilitangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga.

Wakati huo ndoa yake na Delia ilikuwa imevunjika, na mwaka 1924 alimwoa Mary Jobe, mpanda milima na mtafiti. Delia naye alirudi Afrika peke yake kwa kazi ya makumbusho ya Brooklyn, na maisha yake yanastahili makala yake.

Safari ya mwisho ya Akeley ilianza mwaka 1926, kwa msaada wa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Alifanya kazi katika vilima vya Lukenya, Machakos, akikusanya mbuzi mawe huku mchoraji William Leigh akinakili mandhari. Nguvu zilikwisha. Alilazwa Nairobi, akaonekana kupata nafuu, kisha akashikilia kwenda Kongo kuwaona gorila tena.

Alifariki Novemba 17, 1926, akiwa na umri wa miaka 62, huko Kabara kwenye bega la Mlima Mikeno. Alizikwa hapohapo. Mary Jobe hakufunga mizigo. Alibaki na wenzake hadi kazi ilipokamilika.

Ukumbi wa Afrika uliopewa jina lake ulifunguliwa New York Mei 19, 1936, siku ambayo angetimiza miaka 72. Una vyumba 28 vya vioo. Kimoja kinaonyesha gorila na mandhari ya mlima alikozikwa. Kingine kinaonyesha mbuzi mawe wakiwa juu ya majabali ya Lukenya, vilima ambavyo msafiri anayetoka Nairobi huviona kando ya barabara ya Mombasa, muda mrefu kabla ya kufika Emali.