Claude Monet: Mchoraji wa Maji Aliyepata Kuwa Askari

Wachache kati yetu tulio katika sare wangemtazamia Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, kuwa naye alipata kula kiapo cha jeshi. Alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba, 1840, akakulia katika bandari ya Le Havre. Mwaka 1861 kura ya kuitwa jeshini ilimwangukia, naye akapelekwa Algeria katika kikosi cha wapanda farasi. Ilimpasa kutumikia miaka saba. Mwaka 1862 alirudi kwao akiwa mgonjwa, kisha shangazi yake akalipa fedha ili afunguliwe utumishi huo, jambo ambalo sheria ya siku zile iliruhusu.

Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, Monet alivuka bahari akakaa London. Rafiki yake na mchoraji mwenzake, Frédéric Bazille, alijiandikisha, akauawa vitani Novemba mwaka huo huo. Kwa safari ile ya London mwanajeshi hawezi kumpigia Monet saluti.

Mwaka 1883 alihamia kijiji cha Giverny, karibu na mto Seine. Miaka kumi baadaye alinunua kiwanja chenye unyevu ng'ambo ya reli, akaomba ruhusa ya serikali kuchepua maji ya kijito ili achimbe bwawa. Wanakijiji walipinga, wakihofu kwamba mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji yao. Ruhusa ikapatikana. Akapanda mayungiyungi, akapanda mierebi kandokando, akamweka mtunza bustani wa kulisafisha bwawa lile.

Kazi iliyomshika hapo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Maji hayana rangi yao wenyewe. Huazima ya mbingu, ya miti na ya wingu lipitalo, nayo hubadilika kabla rangi ya mafuta haijakauka. Basi Monet aliweka turubai kadhaa, akihama kutoka moja hadi nyingine kadiri nuru ilivyogeuka. Polepole aliacha kuchora ukingo na upeo wa macho, yakabaki maji peke yake, na mbingu ikionekana ndani yake. Picha asizoridhika nazo aliziharibu kwa mkono wake. Mwaka 1909 alionyesha Paris picha 48 za bwawa hilo.

Kisha misiba ikafuatana. Mkewe Alice alifariki mwaka 1911; mwaka 1912 madaktari wakamwona na mtoto wa jicho; mwanawe Jean akafariki mapema mwaka 1914. Agosti mwaka huo Wajerumani waliingia Ufaransa, na wengi wa jamaa zake wakaondoka Giverny. Safari hii mzee hakukimbia. Mwanawe mwingine, Michel, alikwenda mstari wa mbele. Baba akajenga jumba kubwa la kuchorea, akaanza picha za mayungiyungi zenye kimo cha mita mbili hivi. Macho yalipozidi kufifia, alitambua rangi kwa maandishi ya vibandiko na kwa mahali alipoiweka kila moja.

Tarehe 12 Novemba, 1918, siku moja tu baada ya bunduki kunyamaza, alimwandikia Waziri Mkuu Georges Clemenceau, rafiki yake wa siku nyingi, kumjulisha kwamba analipa taifa picha mbili kwa heshima ya ushindi. Zawadi hiyo ilikua hadi ikatiwa saini rasmi Aprili 1922. Mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kulia, na kwa muda rangi zikamchanganya mno hata akataka kuirudisha ahadi yake. Clemenceau alikasirika, wala hakumruhusu. Monet akarudi kazini.

Alifariki Giverny tarehe 5 Desemba, 1926, picha zikiwa bado katika jumba lake, kwa kuwa hakukubali kuachana nazo akiwa hai. Mei 1927 zilifunguliwa kwa wananchi katika jengo la Orangerie mjini Paris: vyumba viwili vya umbo la yai, na kuta zilizozungukwa na maji yaliyotulia. Ziko huko hata leo.