Edward Appleton, mtu aliyepima dari la mawimbi ya redio

Wanaofungua poste kwenye masafa ya kati hapa Kisangani wanajua: mchana stesheni za mbali hazishiki, giza likiingia zinajaa. Juu ya nini? Aliyefuatilia swali hilo ni Mwingereza Edward Appleton, aliyezaliwa Bradford tarehe 6 Septemba 1892.

Baada ya vita vya 1914–1918, alimokuwa askari wa mawasiliano, alirudi Cambridge. Wakati ule wataalamu walisema tu kwamba kuna tabaka la umeme huko juu linalorudisha mawimbi chini. Desemba 1924, yeye na Miles Barnett wa New Zealand walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth usiku, vipindi vikiisha. Urefu wa wimbi ulibadilishwa polepole, wao wakapokea Oxford. Nguvu ikapanda, ikashuka, ikapanda tena: wimbi lililopita chini lilikuwa linakutana na lile lililotoka juu. Kwa hesabu, tabaka lilikuwa kwenye kilometa 90 hivi. Mwaka 1926 akapata lingine juu zaidi, akaliita F. Herufi za mwanzo aliziacha makusudi, kumbe labda kuna matabaka mengine chini!

Lakini je, ni jua kweli linaloyatengeneza? Kupatwa kwa jua ndiko kungejibu, maana mwanga unazimwa katikati ya mchana. Tarehe 29 Juni 1927 mwezi ulifunika jua Uingereza asubuhi, sekunde 24 tu. Angekosa siku hiyo, Uingereza bara isingepata nyingine kamili mpaka 1999. Hakukosa: kimo cha tabaka kilibadilika jua lilipofichwa.

Tabaka la chini, D, ndilo linalomeza masafa ya kati mchana. Jua likifunikwa linadhoofika kwa dakika chache, na stesheni za mbali zinaweza kupenya. Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilipokata kaskazini mwa Congo kuelekea Pakwach, Uganda, jua lilipungua Tshopo pia. FM haihusiki, inakwenda moja kwa moja. Foni za misheni na vituo vya afya porini, hizo zinategemea lile tabaka F.

Appleton alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947. Alifariki Edinburgh tarehe 21 Aprili 1965, akiwa bado mkuu wa chuo kikuu cha pale.